Tuzo za Msimu: Nani Atavikwa Taji, na kwa Hesabu Gani?

Kila mwaka ligi za kandanda za Afrika Mashariki zinapokaribia ukingoni, mazungumzo hapa Bujumbura hugeuka. Wale waliokuwa wakibishana juu ya timu itakayotwaa ubingwa huanza kubishana juu ya mtu. Ni nani atakuwa mfungaji bora? Ni nani atatajwa kuwa mchezaji bora wa msimu? Kutoka vibaraza vya Buyenzi hadi mabwalo ya kambi, kila mmoja huwa mtabiri, na kila mtabiri huapa kwamba hajapata kukosea.

Makala haya hayakusudii kuwakataza mashabiki starehe hiyo. Utabiri ni sehemu ya mchezo, nao huwafanya watu waufuatilie mpira kwa makini zaidi. Lakini askari amefundishwa kwamba kubahatisha ni jambo moja na kupima ni jambo jingine. Doria haitoki kambini kwa kubahatisha. Huuliza kwanza njia ikoje, adui yuko wapi, na nani amekwisha pita pale. Na tuzo za msimu nazo zina njia yake. Aijuaye njia hiyo atakosea mara chache kuliko yule afuataye moyo wake.

Tuzitazame tuzo za Ligi Kuu ya Tanzania Bara, kwa kuwa ni ligi inayofuatiliwa sana na wasemaji wa Kiswahili wa mji huu, na kwa kuwa wana wa Burundi wameandika majina yao katika orodha ya washindi wake.

BAO HALINA UPENDELEO

Tuzo ya kwanza ni ya mfungaji bora. Hii haina baraza la kupiga kura wala mzee wa kushawishiwa. Mabao huhesabiwa, na mwenye mengi hupewa kiatu chake. Haiulizi timu ya mfungaji imeshika nafasi ya ngapi, wala haiulizi kama mashabiki wanampenda au wanamzomea.

Mfano bora wa jambo hili ni Amissi Tambwe. Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura iliwahi kufika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, lakini kombe la kanda hii lilikuwa likiiponyoka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 mashindano ya Kombe la Kagame yalichezwa huko Sudan, na Vital'O ikalitwaa kwa mara ya kwanza, ikiilaza APR, timu ya jeshi la Rwanda, mabao 2 kwa 0 katika fainali. Tambwe alikuwa mfungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao 6. Simba na Yanga za Dar es Salaam hazikwenda Sudan mwaka huo kwa kuhofia usalama, lakini habari za mfungaji yule ziliwafikia. Simba ikamchukua.

Msimu wake wa kwanza, 2013/14, Tambwe alifunga mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa ligi nzima. Simba yenyewe ilimaliza katika nafasi ya nne, na ubingwa ulikwenda Azam, iliyomaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mtabiri aliyetazama msimamo wa timu peke yake asingeliweza kumwona mfungaji bora katika timu ya nne. Aliyetazama nani anapiga mashuti langoni na nani anapewa pasi ya mwisho angelimwona mapema.

Miezi michache baadaye, Desemba 2014, Simba ilimwacha mfungaji huyo huyo. Yanga ikamwokota. Katika msimu wa 2015/16 akafunga mabao 21 na kukitwaa kiatu kwa mara ya pili, akifuatiwa na Mganda Hamisi Kiiza wa Simba aliyekuwa na mabao 19. Hapa pana funzo kwa kila aliyewahi kuvikwa nishani: heshima ya jana si ngao ya leo. Anayeitegemea ataachwa njiani; anayeendelea na kazi ataitwa tena.

HESABU ISIYOTAZAMWA

Sasa tuulize swali ambalo wabishi wengi hulisahau. Je, mabao 21 ni makubwa kuliko 19? Kwa kuhesabu kwa vidole, ndiyo. Lakini msimu wa 2013/14 ligi ile ilikuwa na timu 14, hivyo kila timu ilicheza michezo 26. Msimu wa 2015/16 timu zilikuwa 16 na michezo 30. Ukigawanya, mabao 19 katika michezo 26 ni karibu mabao 73 kwa kila michezo 100. Mabao 21 katika michezo 30 ni mabao 70. Msimu wake wa kwanza, katika timu iliyokuwa ya nne, ndio uliokuwa mzito zaidi.

Kipimo hicho hicho huwaweka wengine mahali pao. Mnyarwanda Meddie Kagere wa Simba alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata. Hizo ni idadi za kutisha, lakini ligi wakati huo ilikuwa na timu 20 na michezo 38. Mganda Emmanuel Okwi alifunga 20 katika michezo 30 ya msimu wa 2017/18. Kwa kupima hivyo, Okwi alikuwa mbele ya Kagere, ingawa katika orodha ya mabao anaonekana nyuma yake. Kwa hiyo mtabiri asiseme tu kwamba "mwaka huu mfungaji atafikisha mabao 20". Kwanza aulize ligi ina michezo mingapi.

Pia aulize ni michezo gani iliyobaki. Msimu wa 2022/23, Mkongo Fiston Mayele wa Yanga alionekana kuwa amekwisha kiweka kiatu kibindoni. Mrundi Saido Ntibazonkiza alikuwa ameuanza msimu katika Geita Gold na kuhamia Simba katikati yake, na wengi hawakumhesabu. Ndipo ilipofika Juni 2023, Simba ikakutana na Polisi Tanzania na kuifunga mabao 6 kwa 1. Matano kati ya sita hayo yalifungwa na Ntibazonkiza peke yake. Msimu ulipofungwa, yeye na Mayele walikuwa sawasawa, kila mmoja na mabao 17.

Wasomaji wetu wa polisi watatusamehe kwa kuwakumbusha mchezo huo. Haukutajwa hapa kwa kejeli, bali kwa sababu una siri ya utabiri. Polisi Tanzania ilishuka daraja msimu huo huo. Timu inayozama mwishoni mwa msimu hufungua milango, na mfungaji mwenye njaa huingia. Mwaka uliofuata mambo yalikaribia kufanana: siku ya mwisho ya msimu wa 2023/24, Stephane Aziz Ki wa Yanga, mzaliwa wa Afrika Magharibi, alifunga mabao matatu dhidi ya Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza, akafikisha 21 na kumwacha Feisal Salum wa Azam na 19. Mtabiri aliyefunga daftari lake wiki moja kabla, alilifunga mapema mno.

TUZO YA KURA

Tuzo ya pili ni ya mchezaji bora wa msimu, nayo ni mnyama mwingine kabisa. Hii haihesabiwi, bali huamuliwa. Wako watu wanaokaa, wanapima na kuchagua. Na palipo na uamuzi wa watu, mtabiri hana budi kuwasoma waamuzi kabla ya kuwasoma wachezaji.

Wengi hudhani kwamba mwenye mabao mengi ndiye atakayechaguliwa. Tuchukue misimu minane na tuone. Msimu wa 2014/15, Simon Msuva wa Yanga alikuwa mfungaji bora kwa mabao 17, na akachaguliwa pia kuwa mchezaji bora. Msimu wa 2015/16 Tambwe alifunga yale 21, lakini aliyechaguliwa ni Juma Abdul, mlinzi wa kulia wa Yanga hiyo hiyo. Hata tuzo ya mchezaji bora wa kigeni ilikwenda kwa kiungo wao Mzimbabwe, Thaban Kamusoko. Msimu wa 2016/17 Msuva na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, walilingana kwa mabao 14. Aliyechaguliwa ni Mohamed Hussein, mlinzi wa kushoto wa Simba. Msimu wa 2017/18 Okwi alifunga 20, lakini tuzo ilikwenda kwa nahodha wake John Bocco.

Tuendelee. Msimu wa 2019/20 Kagere alikuwa na mabao 22, na aliyechaguliwa ni Mzambia Clatous Chama, kiungo wa Simba. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alifunga 17, na aliyechaguliwa ni Mkongo Yannick Bangala wa Yanga, mtu wa kukaba na kupanga, si wa kufunga. Msimu wa 2022/23 alichaguliwa Mayele, aliyekuwa amelingana na Ntibazonkiza kwa mabao. Na msimu wa 2023/24 alichaguliwa Aziz Ki, mfungaji bora.

Hesabu ni hii. Katika misimu hiyo minane, mfungaji bora alichaguliwa kuwa mchezaji bora mara tatu tu. Lakini mchaguliwa alitoka katika timu iliyotwaa ubingwa mara saba. Ni mara moja tu, msimu wa 2016/17, ambapo ubingwa ulikwenda Yanga na tuzo ikaenda kwa mchezaji wa Simba. Kwa maneno mengine, mwenye kutabiri tuzo ya kura na auweke msimamo wa ligi mbele yake kwanza, na orodha ya wafungaji baadaye.

Msimu wa 2022/23 unalithibitisha jambo hili kwa ukali. Wawili walikuwa na mabao 17 kila mmoja. Lakini Mayele alikuwa bingwa wa ligi na Yanga, na tena alikuwa ameifungia timu hiyo mabao 7 katika Kombe la Shirikisho Afrika na kuifikisha fainali, ambako ilishindwa na USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Mrundi wetu alikuwa na mabao yale yale, lakini hakuwa na kombe. Waamuzi hawakukosa sababu. Aliyeshangaa siku ile alikuwa amesahau kuuliza waamuzi hutazama nini.

WENZETU WA BARAFUNI

Ili tusidhani kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu, tutazame mchezo ambao hapa kwetu hauchezwi, yaani mpira wa magongo wa barafuni. Katika ligi kubwa ya kulipwa ya Kanada na Marekani, tuzo zimegawanywa kwa uwazi ambao ungefaa kuigwa. Ipo tuzo ya Art Ross kwa aliyekusanya pointi nyingi, na ipo ya Maurice Richard kwa aliyefunga mabao mengi. Hizo huhesabiwa tu. Tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye faida kubwa zaidi kwa timu yake, hupigiwa kura na waandishi wa habari. Ya mlinda mlango, iitwayo Vezina, hupigiwa kura na mameneja wa timu. Mtabiri wa huko hujua kwamba waandishi na mameneja hawatazami mchezo kwa jicho moja, naye hubadili hesabu yake kwa kila tuzo.

Tena huko pasi ya bao ina thamani sawa na bao lenyewe. Mkanada Wayne Gretzky, aliyetwaa tuzo ya Hart mara tisa, alitoa pasi za mabao 1,963 katika maisha yake ya ligi hiyo. Hata kama asingelifunga bao moja, pasi hizo peke yake zingelimweka mbele ya wachezaji wote kwa pointi. Sisi katika kandanda humwimbia mfungaji, na aliyemtengea mpira huondoka uwanjani kimya kimya.

MWENYE LINDO

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na tunaamini msomaji mwenye sare atalielewa upesi kuliko wengine. Tuzo nyingi hufuata kile kinachoonekana. Bao huonekana. Lakini bao lililozuiwa lisifungwe haliandikwi katika jedwali lolote. Mlinzi aliyesimama mahali pake hata mshambuliaji akaamua kutopita upande ule, amefanya kazi kubwa ambayo haina namba. Ni kama askari wa zamu: usiku ambao hakuna kilichotokea, ripoti yake huwa na mstari mmoja. Hakuna anayeuliza ni kwa nini hakuna kilichotokea.

Historia ya kandanda inalishuhudia hili. Tuzo ya Mpira wa Dhahabu ya gazeti la France Football imetolewa tangu mwaka 1956. Katika miaka yote hiyo mlinda mlango mmoja tu ndiye aliyeitwaa, naye ni Lev Yashin, mwaka 1963. Yashin alikuwa wa Dynamo Moscow, klabu iliyozaliwa mwaka 1923 katika vyombo vya usalama vya Urusi ya Kisovieti, na kwa hiyo alikuwa mwenzao polisi. Kabla ya kujulikana duniani kwa kandanda, alikuwa pia akilinda lango katika mpira wa magongo wa barafuni, na mwaka 1953 alitwaa kombe la nchi yake katika mchezo huo. Huko barafuni walinzi wa lango wamepata bahati zaidi: Dominik Hašek wa Buffalo alitwaa tuzo ya Hart miaka miwili mfululizo, 1997 na 1998. Lakini hata huko wengi wa washindi ni washambuliaji.

Ndiyo maana uchaguzi wa Juma Abdul, wa Mohamed Hussein na wa Bangala unastahili kukumbukwa. Waamuzi wale waliona kazi isiyopigiwa makofi. Wapo waliolalamika, wakauliza itakuwaje mtu wa mabao 21 aachwe na mlinzi apewe. Lakini timu haifungi tu. Pia haina budi kutofungwa. Hapa Bujumbura Rukinzo, timu ya polisi, ina mashabiki wanaolijua jambo hili kwa kuliishi: mara nyingi pointi za timu ya askari huletwa na ukuta wa nyuma usioyumba, na wala si kwa mbwembwe za mbele.

MAMBO YA KUPIMA

Basi anayetaka kutabiri tuzo za msimu ujao na ajiulize maswali haya, mojawapo baada ya jingine.

Kwanza, tuzo yenyewe inahesabiwa au inapigiwa kura? Kama inahesabiwa, asitazame jina wala sifa. Atazame nani anacheza kila wiki, nani anapiga penalti na mipira ya adhabu ya timu yake, ligi ina michezo mingapi, na ni timu zipi dhaifu ambazo kila mshindani bado hajakutana nazo.

Pili, kama inapigiwa kura, ni nani wanaopiga? Aanze na timu inayoelekea ubingwa, atafute ndani yake mtu ambaye akikosekana timu huonekana kuchechemea. Mtu huyo huenda ni mfungaji, lakini mara nyingi zaidi si yeye.

Tatu, ni nani anayefanya kazi isiyo na namba? Huyo huenda asishinde, lakini mtabiri aliyemwandika katika daftari lake hatashangaa akishinda.

Neno moja la tahadhari linafaa hapa. Wako wanaochukua utabiri na kuuweka juu ya meza ya kamari, hata mshahara wa mwezi ukayeyuka kabla ya kufika nyumbani. Makala haya yameonyesha kwamba hata hesabu iliyopangwa vizuri ilikosea mara moja katika misimu minane, na kwamba mabao matano ya siku moja yalivuruga kila kitu kilichodhaniwa kuwa kimekwisha. Penye mlango wa namna hiyo, mtu mwenye watoto haweki unga wao. Utabiri na ubaki kuwa mazungumzo ya bwaloni, malipo yake yakiwa kicheko cha aliyepata na ukimya wa aliyekosa.

Kwa upande mwingine, tusidharau faida yake. Kijana anayejifunza kutabiri kwa kupima hujifunza kutazama mchezo mzima badala ya kuufuata mpira peke yake. Huona nafasi iliyoachwa wazi, humwona aliyerudi kuifunika, humwona aliyetoa pasi kabla ya pasi. Jicho la namna hiyo ni la thamani pia nje ya uwanja, kwenye kizuizi cha barabarani na kwenye lindo la usiku.

Amissi Tambwe na Saido Ntibazonkiza walikwenda ugenini na kuandikwa katika orodha ambayo mtu hawezi kuandikwa kwa kubembeleza. Sifa hiyo ni yao, na Burundi ina haki ya kujivunia. Ligi itakapofika tena ukingoni na mabishano kuanza, tuwataje wafungaji kwa haki yao. Kisha, kabla hatujafunga daftari, tuulize pia jina la yule aliyekuwa amesimama nyuma.